Kuhamishia oregano na thaimu za porini shambani na kukeneka mafuta yake

Oregano na thaimu ni mimea ya viungo yenye mafuta ya harufu, nayo hutolewa kwa kukeneka, yaani kupitisha mvuke kwenye majani kisha kuupoza. Chagua mmea mama kwanza; mtambo wa kukeneka hauwezi kurekebisha mmea mbaya. Thaimu mbili zilizoota pamoja porini huweza kufanana majani na maua, kumbe mafuta ya moja yamejaa thimoli, kemikali inayowasha ulimi, na ya nyingine yana linaloli, kemikali yenye harufu laini. Macho hayatofautishi, pua hujaribu. Kama una uwezo, keneka sampuli ya kila mmea peke yake. Usipande mbegu zake: nyuki huchanganya chavua, na miche itatofautiana.

Kata vipandikizi vya sentimita 8 hadi 10 kwenye matawi machanga yasiyochanua. Ondoa majani ya nusu ya chini, kisha vichomeke kwenye mchanga wenye mboji kidogo, kivulini. Mizizi hutoka baada ya wiki 3 hadi 5. Shambani acha sentimita 30 kati ya mimea na 50 kati ya mistari, juu ya matuta. Maji yakituama, mizizi huoza. Ukame huvumilika zaidi. Nitrojeni ikizidi, utapata majani mengi mororo yenye mafuta kidogo kwa kila kilo.

Vuna karibu nusu ya maua yakiwa yamefunguka, siku kavu, umande ukishakauka. Usikate hadi kwenye shina gumu lisilo na majani, hasa thaimu, maana hapo huchipua kwa shida. Anika kivulini, tabaka jembamba, joto lisizidi nyuzi 40. Mafuta yamo katika vifuko vidogo juu ya uso wa jani, kwa hiyo usiyafikiche majani wala kuyasaga kabla ya kuyahifadhi. Vifuko vikipasuka, mafuta hupaa.

Kwenye mtambo wa chuma kisichoshika kutu (chuma cha kawaida huyatia mafuta wekundu), weka majani juu ya kichanja chenye matundu, juu ya maji. Yakigusa sakafu ya chungu huungua, na harufu ya moshi haiondoki tena. Yashindilie kiasi na kwa usawa: yakiwa na mapengo, mvuke hupita humo humo na kuacha sehemu nyingine na mafuta yake.

Kipoza mvuke kisiwe baridi mno. Thimoli huyeyuka karibu na nyuzi 50, hivyo mafuta yenye thimoli nyingi huweza kuganda na kuziba bomba. Kitokacho kiwe vuguvugu. Endelea kwa saa moja na nusu, hata kama matone yamepungua: thimoli na karvakroli, kemikali inayofanana nayo, huchelewa kutoka, na ukizima mapema unabaki na sehemu nyepesi zenye simini, kemikali nyingine ya mafuta haya. Kilo ya oregano kavu ya aina nzuri hutoa mililita 20 hadi 50. Thaimu hutoa pungufu.

Mafuta huelea, yaengue. Yaache yatulie usiku kucha, tenganisha maji yaliyobaki, ujaze chupa za kioo cheusi hadi shingoni. Usiyapake ngozini bila kuyazimua kwa mafuta mengine, hubabua.