Kupiga biti ya stepu 12 kwa sintesaiza na dramu mashini, bila kompyuta

Watu wengi wakipata dramu mashini ya kwanza wanakuta vitufe 16 vimepangwa mstari mmoja (kila kimoja ni stepu, yani nafasi moja ya kuweka mlio), basi wanajaza kiki, ile ngoma nzito ya chini, kwenye 1, 5, 9 na 13, haihati, vile visahani vya juu, hapo katikati, na jioni hiyohiyo wana biti ya hausi. Hausi naipenda sana, sina neno nayo. Ila kama umekulia Tanga, Mombasa, Lamu au Unguja, mwili wako unaijua chakacha, unazijua ngoma za harusini za sita kwa nane, alafu mashine inakupangia uhesabu nne nne tu. Na wengi wanaishia hapo wakidhani mashine haiwezi. Inaweza vizuri tu, ni mpangilio mmoja wa kubadilisha kabla hujaanza, na ukishaubadilisha kila kitu kinafunguka. Ntaelekeza mwanzo mpaka mwisho, kuanzia waya mpaka kurekodi.

Mfano ntatumia Korg Volca Beats, ambayo ni dramu mashini, na Volca Bass, sintesaiza ya besi. Zilitoka 2013, ni ndogo, zinapatikana mtumba, na kila moja inakula betri sita za AA, kwaiyo umeme ukikatika we unaendelea na kazi. Kama una mashine nyingine usijali, cha kuangalia ni kimoja: sikwensa yako (sehemu inayokumbuka noti na kuzirudia) iwe inaruhusu kubadilisha urefu wa patani (mzunguko unaojirudia). Nyingi zinaruhusu, kwenye maandishi utakuta LENGTH au LAST STEP. Arturia KeyStep, kibodi yenye sikwensa, kwa mfano haina shida yoyote hapo, ukirekodi noti 12 patani yake inakuwa ya stepu 12.

Vitu vingine unavyohitaji: miksa ndogo hata ya chaneli nne, hedifoni za maana, na waya. Spika iliyojengwa ndani ya Volca usiitumie kufanyia maamuzi, besi haisikiki pale, utaongeza besi mpaka ukija kusikiliza kwenye spika kubwa nyumba inatetemeka. Ukitumia adapta badala ya betri soma voltiji na alama ya polariti kwenye mashine na kwenye adapta yenyewe, vilingane, maana adapta za dukani zinafanana umbo tu na ukichomeka iliyogeuka unaua mashine.

Waya sasa. Mashine mbili lazima zitembee pamoja, na hapa kuna njia mbili. Ya kwanza ni MIDI, lugha ya mashine za muziki kuongea, ambayo ipo toka 1983 na mpaka leo mashine ya juzi inaongea na mashine ya wakati ule, ni kitu cha kuheshimu sana hiki. MIDI inatuma saa, yani mapigo 24 kwa kila biti moja (pigo moja unalogonga mguu), na mashine inayopokea inayafuata. Ina chaneli 16, kwaiyo sintesaiza mbili zikiwa waya mmoja hakikisha kila moja ina chaneli yake, la sivyo zote zitapiga noti zilezile. Njia ya pili ni sinki (SYNC, yani kwenda pamoja) ya waya mdogo wa 3.5mm, na hiyo ndo tunatumia hapa kwasababu Volca hizi zina MIDI ya kuingia tu, ya kutoka hazina. Toa waya SYNC OUT ya Beats ingiza SYNC IN ya Bass. Ukishachomeka hivyo tempo ya Bass haina kazi tena, bosi ni Beats. Bonyeza plei kwenye Bass kwanza, itasubiri, alafu plei kwenye Beats, zinaondoka pamoja.

Haya, stepu 12. Kwenye Volca kuna kitu kinaitwa ACTIVE STEP, kimeandikwa kwenye bodi, unashika kitufe cha FUNC unabonyeza hicho alafu unazima stepu 13, 14, 15 na 16. Patani ikifika 12 inarudi 1. Fanya hivyo mashine zote mbili kabla hujaingiza noti hata moja, maana moja ikiwa na 12 na nyingine 16 zitaachana raundi ya kwanza tu (kuna raha yake hiyo, ntairudia chini).

Hapa watu wanachanganyikiwa kuhusu tempo kwaiyo nenda taratibu na mimi. Mashine inajua kwamba biti moja ni stepu nne. Sisi sasa hivi biti yetu moja ni stepu tatu, kwasababu 12 tunaigawa mara nne. Mashine haijui hilo, yenyewe inaendelea kuhesabu kivyake. Ukiweka 120 kwenye nobu ya tempo, kila stepu inachukua milisekunde 125, tatu ni 375, na hiyo ukiicheza mguu wako unagonga 160 kwa dakika, sio 120. Kwaiyo chukua tempo unayoitaka zidisha mara tatu gawa kwa nne. Unataka 120 ya ukweli, weka 90. Unataka 100, weka 75. Raundi moja kwenye 90 ni sekunde mbili kamili na hilo litakusaidia baadae kwenye kupanga wimbo. Na kama mashine yako ina swingi (inachelewesha baadhi ya stepu) iweke sifuri, mzunguko wa tatu tatu una mwendo wake tayari, ukiuongezea swingi unavurugika.

Sasa dramu, na hapa usiwe na haraka. Anza na kiki stepu 1 na 7 peke yake. Sikiliza, ni hatua mbili kubwa, kushoto kulia. Alafu haihati iliyofunga kwenye 1, 4, 7 na 10. Mpaka hapo inasikika kama machi, haina utamu, sawa. Sasa chukua HI TOM, tomu (ngoma) ya sauti ya juu, weka 3, 5, 9 na 11. Acha izunguke na usikilize kinachotokea: kutoka 1 mpaka 6 haihati inapiga mara mbili, 1 na 4, lakini kiki na ngoma kwa pamoja zinapiga mara tatu, 1, 3, 5. Nusu ya pili vilevile, haihati 7 na 10, ngoma 7, 9, 11. Mbili juu ya tatu kwa wakati mmoja. Hapo ndo kiuno kinapoanza kusogea chenyewe. Sisemi hiyo ni chakacha kamili, wapiga ngoma wenyewe wana mengi zaidi ya hapo, ila uti wa mgongo wa sita kwa nane ni huo na ukiuelewa utasikia kila mahali kwenye muziki wetu.

Ongeza AGOGO: 1, 3, 5, 6, 8, 10, 12. Ni mlio wa kengele unaopatikana sehemu nyingi sana za Afrika, mapigo saba ndani ya 12, na uzuri wake haulali popote, kila ukidhani umeujua mwanzo wake unakuponyoka. Iweke sauti chini, iwe inasikika kwa mbali tu. Mwisho LO TOM, tomu ya sauti ya chini, stepu ya 12 peke yake, ya kukurudisha kwenye 1.

Alafu tyuni ngoma zako. Watu wanaacha tomu zilivyo na ndo maana zinasikika kama mashine. Geuza PITCH (juu au chini ya sauti) ya LO TOM polepole mpaka ikubaliane na noti utakayopigia besi (sisi tutatumia D), na HI TOM ipandishe mpaka isikike inajibu ile ya chini. DECAY (muda wa sauti kufifia) ya tomu ifupishe, ngoma ya mkono haivumi muda mrefu. Kiki nayo decay iwe fupi, chini kule tunamwachia besi.

Besi. Hii sehemu naipenda kuliko zote. Roland walitoa TB-303, sintesaiza ya besi, mwaka 1981 iwe msaada kwa wapiga gitaa wasio na mtu wa besi, haikuuza, 1984 wakaacha kuitengeneza, zikashuka bei mtumba, na vijana wa Chicago, kundi la Phuture, wakaichukua wakawa wanazungusha filta (sehemu inayokata makali ya sauti) huku patani inajirudia tu na asidi hausi ikatokea hapo. Lakini kabla yao, 1982 huko Mumbai, mzee Charanjit Singh alishachukua TB-303 na dramu mashini ya TR-808 na sintesaiza ya Jupiter-8 akapigia raga (muziki wa jadi wa India) juu ya disko. Yani mtu alichukua mashine mpya akaiambia ipige muziki wa kwao. Sisi watu wa pwani ambao taarabu yetu imekunywa kutoka India na Misri hatuna sababu ya kuogopa kufanya hivyohivyo.

Kwaiyo besi yetu tuipige kwa Hijazi, makamu (mpangilio wa noti wa Kiarabu) ambayo ukipita kwenye taarabu unakutana nayo sana, na inakaa vizuri kwenye kibodi ya kawaida. Kutoka D noti zake ni D, Eb, F#, G, A, Bb, C. Ingiza hivi: stepu 1 D, stepu 4 D, stepu 6 Eb, stepu 7 F#, stepu 9 G, stepu 10 F#, stepu 12 Eb. Stepu zingine acha tupu, utupu huo ndo unaoipa ngoma nafasi. Lile ruka la Eb kwenda F# ndo roho ya Hijazi, lisikike. Weka slaidi stepu 6 na 12 ili sauti iteleze bila kukatika.

Ukitaka Bayati au Rasti, makamu nyingine, kuna shida, zina noti za robo toni ambazo zipo katikati ya vitufe vya kibodi. Hapo tafuta sintesaiza yenye uwezo wa kubadilisha tyuni ya kila noti, Korg Monologue inao na ina sikwensa yake ya stepu 16 humohumo.

Sauti sasa: oskileta (inayozaa sauti) weka so, ile yenye makali, CUTOFF (inayofungua na kufunga filta) shusha karibu na chini kabisa, PEAK (inayokaza sauti pale filta inapokatia) ipandishe kati, EG INT (kiasi filta inavyofunguka kwa kila noti) nayo kati, DECAY fupi. Acha patani izunguke na usiguse kitu kingine chochote ila CUTOFF. Ipandishe polepole mno, raundi nzima usogee kidogo tu. Filta ni kama mtu aliyefunga mdomo anaimba mmm alafu anaufungua taratibu mpaka inakuwa aaa, noti ni zilezile lakini maana inabadilika. Ukifika juu shusha DECAY, noti zinakuwa kavu, zinadonoa. Rudisha DECAY, shusha CUTOFF. Kwa nobu hizo mbili peke yake unaweza kumshika msikilizaji dakika nyingi, na hapo ndo tofauti ya mashine na kompyuta ninayoiona mimi: mikono yako ipo ndani ya sauti muda wote, hauchori, unapiga.

Kupanga wimbo. Wengi wanakwama hapa, wana lupu tamu ya sekunde mbili na hawajui iende wapi. Usiongeze patani mpya. Jaza kila kitu kwanza mpaka lupu imeshiba, alafu miuti (zima sauti) vyote na urudishe kimoja kimoja. Anza na agogo na haihati raundi 8, hizo ni sekunde 16. Ingiza tomu raundi 8. Besi ije ikiwa filta imefungwa kabisa, isikike kama inatoka nyumba ya jirani. Kiki ichelewe, ichelewe sana, mpaka mtu aitamani, alafu ifungulie pamoja na filta. Na kutoa ni muhimu kuliko kuingiza, ukiitoa kiki raundi mbili tu na kuirudisha watu wanapiga vigelegele.

Ukitaka kitu cha ziada tafuta mashine ya tatu, hata ya kuazima, ipe patani ya stepu 16 juu ya zile 12. Zinaachana, zinapishana, na zinakutana tena baada ya stepu 48, yani raundi nne za ngoma. Noti mbili au tatu ndefu zinatosha, zitaangukia sehemu tofauti kila raundi na wimbo utajibadilisha wenyewe bila we kugusa kitu. Mashine hiyo isiwe na sauti kubwa, iwe nyuma.

Kurekodi. Sevu patani kwanza, mashine hizi ukizima kabla ya kusevu kazi imeenda. Kama unasikia mvumo wa umeme kwenye miksa zote zikiwa kwenye adapta, jaribu betri, mara nyingi mvumo unaisha hapohapo. Hata kama una rekoda ya stereo tu unaweza kutenganisha vyombo: kwenye miksa dramu ipeleke kushoto kabisa, besi kulia kabisa, rekodi, alafu baadae ukigawa faili una dramu peke yake na besi peke yake, unaweza kuzisawazisha upya. Mita isigonge juu, acha vilele vicheze kati ya desibeli -12 na -6, sauti ikipasuka wakati wa kurekodi hairudi. Rekodi kwa muda mrefu, dakika kumi au kumi na tano bila kusimama, ukikosea mkono endelea tu, alafu kesho yake sikiliza yote ukate zile dakika nne zenye moto.