Kuomba ruzuku ndogo kwa wakfu wa familia: anza na hesabu zao

Wiki iliyopita nilikaa jioni tatu na mweka hazina wa kikundi kinachofundisha watu wazima kusoma. Wanataka vitabu na viti, basi. Alikuja na andiko la kurasa kumi na nne alilokwisha kulituma vilevile kwa wafadhili ishirini na watatu. Waliojibu ni wawili, na wote walikataa. Andiko lenyewe halikuwa baya, ila lilipelekwa kwa watu wasiohusika. Tulianza upya hivi.

Hatua ya 1: Karatasi za kikundi

Cheti cha usajili, katiba, hesabu za mwaka jana, taarifa ya benki. Skani, weka kwenye folda moja, twende.

Hatua ya 2: Soma hesabu za wakfu kabla hujaandika neno

Hapa mnivumilie, maana hapa ndipo nilipopoteza mwezi mzima.

Wakfu wa familia, yaani mfuko ambao familia imeuweka wa kutolea misaada, mara nyingi ni ndugu watatu wanne na wakili wao. Wengi hawana mwajiriwa, wengine hata tovuti hawana. Wadhamini, yaani wanaousimamia na kuamua nani apewe, hukutana mara chache kwa mwaka, wanapitia rundo la barua, wanatawanyika. Tovuti ikiwepo, utakuta maneno mapana kama "elimu, afya na ustawi wa jamii". Usiyategemee. Tazama fedha zilikwenda wapi.

Kwa wakfu za England na Wales, ingia kwenye daftari la Charity Commission, msajili wa mashirika ya hisani wa huko, mtandaoni, ni bure. Tafuta jina, fungua sehemu ya hesabu, pakua. Wenye mapato yanayozidi pauni 25,000 kwa mwaka wanatakiwa kuwasilisha hesabu, na wana miezi 10 baada ya kufunga mwaka, kwa hiyo usishangae kukuta za mwaka juzi. Scotland ina msajili wake, OSCR. Kwa Marekani tafuta fomu 990-PF, taarifa ya kila mwaka ambayo wakfu huipeleka kwa mamlaka ya kodi. Ni ya wazi kwa umma, na ProPublica, chombo cha habari cha huko, wanaziweka bure kwenye tovuti yao ya Nonprofit Explorer.

Ukishaipata, ruka maneno ya utangulizi, nenda kwenye orodha ya waliopewa. Tazama kiasi: kama ruzuku zote ziko kati ya 500 na 2,000, ukiomba 10,000 utaonekana hukusoma. Kisha fungua miaka mitatu, ilinganishe. Majina yakiwa yaleyale kila mwaka, mlango umefungwa hata kama hakuna aliyeandika hivyo. Majina mapya matano sita kila mwaka ni dalili njema.

Na sasa lile lililoniumiza. Kwenye 990-PF kuna kisanduku kidogo ambacho wakfu hukitia alama kuonyesha kwamba hutoa tu kwa mashirika ambayo wakfu wenyewe umekwisha kuyachagua, na haupokei maombi ya watu wengine. Mimi nilikuwa sikijui. Niliandika andiko wiki nne, nikalitengeneza hadi picha za jalada, kwa wakfu uliokuwa umekitia alama miaka yote niliyokuja kuifungua baadaye. Ukiiona alama hiyo, funga faili. Usijidanganye kwamba barua yako itawabadilisha.

Tena kuna suala la mipaka. Wakfu nyingi hutoa kwa mashirika yaliyosajiliwa nchini mwao tu. Wakfu wa Marekani ukitaka kutoa nje, kwa kawaida lazima wakfu huo ujiridhishe kwanza kwamba kikundi kinalingana na shirika la hisani la kwao, au ufuatilie matumizi kwa ripoti; wakfu mdogo huikwepa kazi hiyo. Kama hakuna hata jina moja la nje kwenye orodha, tafuta shirika lililosajiliwa kwao likubali kupokea fedha kwa niaba yenu, na mwandikiane mapema. Au achana nao.

Kati ya wale ishirini na watatu tulibaki na wanne.

Hatua ya 3: Barua

Kurasa mbili. Andiko refu waachie wanaoliomba. Ya mweka hazina wetu ilianza na "Elimu ni ufunguo wa maisha". Tuliifuta aya yote. Sasa inaanza hivi: "Tunaomba pauni 900 za kununua vitabu 60 na viti 20 kwa darasa la jioni lenye wanafunzi 38." Mdhamini akiishia hapo, ameshajua tunataka nini.

Hatua ya 4: Bajeti

Tumia lahajedwali, kama Excel, ijumlishe yenyewe. Bajeti iliyochapwa kwa mkono kwenye Word siiamini, hata niwe nimeichapa mimi. Ya mweka hazina ilikuwa na mstari mmoja, "vifaa mbalimbali, 900". Tuliuvunja: vitabu 60 kwa 5 ni 300, viti 20 kwa 30 ni 600. Neno "mbalimbali" lisionekane popote.

Hatua ya 5: Tuma

Mwezi mmoja na zaidi kabla ya kikao chao. Wakitaka posta, tuma posta.

Hatua ya 6: Jina la akaunti

Jina lililo benki lifanane na la kwenye cheti, herufi kwa herufi. Kikundi changu cha kwanza kilikuwa "Umoja wa" kwenye cheti na "Kikundi cha" benki. Hundi ilikataliwa. Tulipomaliza kurekebisha, wadhamini walikuwa wameshatawanyika, na kikao kilichofuata kilikuwa baada ya miezi sita.