Jinsi ya Kutofautisha Jamhuri za Koo na Falme za India ya Kale

Unaposoma habari za kaskazini mwa India ya karne ya 6 na ya 5 kabla ya Kristo, usianze kwa kukariri zile dola kuu 16. Anza kwa kuuliza ni nani aliyekata shauri. Palipokuwa na mtu mmoja aliyerithi kiti cha enzi, akatoza kodi na kuamuru jeshi, kama Magadha na Kosala, hapo pana ufalme. Pale ambapo wakuu wa koo waliketi barazani na kuamua pamoja, kama Wavajji wa Vaishali, pana gana-sangha, yaani jamhuri ya koo.

Jihadhari na neno raja, yaani mfalme, kwa kuwa miongoni mwa Walicchavi, ukoo mkuu wa Wavajji, wakuu wengi waliitwa hivyo kwa wakati mmoja. Wala usidhani kwamba baraza lilikuwa la watu wote: watumwa na vibarua hawakuwa na kauli humo.

Kisha uchunguze uhasama kati ya falme na jamhuri hizo. Maandiko ya Kibuddha ya lugha ya Kipali yanasimulia kwamba mfalme Ajatashatru wa Magadha, aliyetaka kuwashinda Wavajji, alimtuma waziri wake Vassakara kwa Buddha, naye Buddha akaeleza kwamba Wavajji hawatadhoofika maadamu wanakutana mara kwa mara na kuafikiana. Waziri akang'amua papo hapo kwamba silaha ya kuwashinda ni fitina. Kisa hiki, kwa maoni yangu, kinafaa kusomwa polepole kuliko vingine vyote.

Hatimaye tazama sarafu. Zile za Wayaudheya, jamhuri nyingine ya koo, za karne nyingi baadaye, zinatangaza ushindi wa gana yao bila kumtaja mfalme yeyote.