Kupiga picha reli Morogoro: tafuta jua kwanza, treni itakukuta

Nimekulia nyumba za genge, yaani za kikosi cha kutunza njia, kando ya Reli ya Kati, baba akiwa fundi wa njia. Ndiyo maana picha ya kichwa cha treni peke yake hainitoshi. Nataka na kokoto, mataruma yanayobeba reli, ishara, na mtu anayevitunza.

Kabla hujatoa kamera, nenda kwa stesheni masta ujieleze na uombe ruhusa. Ukiruhusiwa, piga kutoka jukwaani au penye kivuko cha barabara, kamwe si katikati ya njia.

Kisha angalia jua. Reli hii, iliyofika Morogoro mwaka 1907, inapita hapa karibu kutoka mashariki kwenda magharibi, na milima ya Uluguru iko kusini yake. Juni na Julai jua hukaa upande wa kaskazini, kwa hiyo simama kaskazini ya njia: behewa na mlima vyote vitapata mwanga. Kuanzia katikati ya Oktoba hadi mwisho wa Februari jua la mchana huhamia kusini, na ukisimama palepale kila kitu kinakuwa kivuli. Desemba moja nilingoja treni ya mizigo saa tatu nzima, ikatokea nyeusi tii. Miezi hiyo hamia upande wa pili, mlima uuache mgongoni.

Asubuhi, saa moja mpaka saa mbili na nusu, usiitazame treni kabisa. Chuchumaa kwenye ncha ya jukwaa, shusha kamera, tazama reli zenyewe. Inayopitiwa kila siku hung'aa juu kama panga lililotoka kunolewa, huku ubavu ukibaki na kutu. Ya njia ya pembeni isiyotumika ina kutu mpaka juu. Picha moja inakueleza treni hupita wapi. Ukiona vipande vya reli vilivyolazwa kando, chungulia ubavuni: mara nyingi kuna herufi zilizochomoza, jina la kiwanda na mwaka. Mwanga wa kutoka pembeni ndio unaozisomesha. Saa sita mchana hutaziona.

Taa za ishara zipige jua likishazama, anga ikiwa bado na bluu. Kamera ikipima giza, taa nyekundu hutoka doa jeupe, basi punguza mwanga kwenye kamera hatua (stop) mbili au tatu mpaka wekundu urudi. Taa nyingine za LED hupepesa bila jicho kuona. Shata, yaani pazia la kamera, ikiwa ya kasi sana zinaweza kutoka kama zimezimika. Jaribu 1/60 ya sekunde.

Treni ya mizigo kwenye reli ya zamani, 1/500 inatosha. Ile ya SGR, reli mpya ya umeme, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, hufika kilomita 160 kwa saa: anza na 1/2000. Baki nje ya uzio. Waya wa juu una volti 25,000, kwa hiyo usiinue tripodi wala fimbo yoyote karibu nao.

Ukiwakuta watu wa genge kazini, salimia kwanza; aliyekuzidi umri mpe shikamoo yake. Omba kupiga mikono: vidole vilivyojaa grisi, spana ndefu imebana nati, jasho likidondokea taruma. Chapisha moja umpelekee mwenyewe. Baba alistaafu bila hata moja.