Kwenda Toten kwa kayaki mkiwa kundi

Wakuu, kama mnatoka Raskazone hapa Tanga kwenda kisiwa cha Toten, angalieni maji kabla hata ya kuchangishana hela, maana siku za bamvua (maji makubwa, mwezi mpevu au mwandamo) bahari inapanda na kushuka zaidi ya mita 3, sasa mkichelewa kurudi mnakuta tope tupu na kayaki mtazibeba wenyewe. Mi napendelea maji mafu, siku ambazo bahari haipandi wala kushuka sana. Tokeni saa 12 na nusu asubuhi upepo haujachangamka, hasa msimu wa kusi (upepo wa kusini). Jaketi la kuokolea livaliwe, sio kukaliwa! Wageni katikati, mzoefu mmoja mbele mwingine nyuma, na mwendo ni wa anayechoka haraka, wenye mbio zao watavumilia tu. Njia ya meli vukeni pamoja. Kisiwani kuna magofu ya misikiti na makaburi ya zamani, msiyapande kupiga selfi.