Daftari la Majibu na Rufaa katika Kituo cha Afya

Jibu la kipimo mara nyingi hupotea likiwa limekwisha kufika: pikipiki ya sampuli hulileta kutoka hospitali, karatasi ikabanwa kwenye faili, nalo faili likarudishwa kabatini pasipo mgonjwa kuarifiwa. Kabla ya kufikiria kompyuta, anza na daftari moja, na liwe chini ya mtumishi mmoja anayejulikana.

Sampuli inapotoka, iandikiwe mstari wake siku hiyo hiyo: namba ya mgonjwa, kijiji, kipimo, ilikopelekwa, tarehe ya kutoka na tarehe ya kutarajia jibu. Jina peke yake halitoshi, kwa maana akina Akello wanaweza kuwa wanne asubuhi moja. Tarehe ya kutarajia nayo hutofautiana: makohozi ya kupimwa kifua kikuu kwa mashine ya GeneXpert hutoa jibu kwa saa mbili hivi iwapo mashine ipo hapo hapo, ilhali damu ya kupima wingi wa virusi vya UKIMWI husafiri hadi maabara kuu ya taifa, Butabika, Kampala.

Wakati huo huo, muulize mgonjwa apigiwe simu gani na nani anaweza kuipokea, kwa kuwa simu moja huenda ikatumiwa na nyumba nzima. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inalinda habari zake. Kwa hiyo ujumbe umwite aje kituoni tu, usitaje kipimo wala jibu.

Mstari usifungwe jibu linapofika, bali mganga atakapokuwa amelisoma, mgonjwa ameambiwa, na hatua iliyochukuliwa imeandikwa pamoja na tarehe na sahihi.

Rufaa ndiyo ngumu zaidi. Anayetumwa kutoka kituo cha daraja la tatu kwenda hospitali ya rufaa ya Mbale au Arua huenda asifike kabisa kwa kukosa nauli, jambo ambalo afadhali kuliuliza kabla ya kuandika barua kuliko kulisikia baada ya mwezi. Andika nakala mbili, ubaki na moja, upige simu hospitalini siku ya miadi, na mrejesho wa hospitali usiporudi, umwombe mhudumu wa afya wa kijiji apite nyumbani kwa mgonjwa.

Kila Jumatatu, mistari ambayo haijafungwa isomwe yote. Daftari likijaa, hiyo ndiyo ihamishiwe kwanza kwenye jipya, kabla ya kuandikwa mgonjwa mwingine.