Kuchagua darubini ndogo ya bei nafuu ya kutazamia ndege, Bukavu

Darubini yangu ya kwanza ya macho mawili, jumele kama wengi tunavyoiita hapa Bukavu, niliinunua sokoni kwa sababu ubavuni iliandikwa 30x60. "Yaya, hii inavuta mpaka Rwanda!" aliniambia muuzaji. Rwanda tunaiona kwa macho matupu, ila siku ile sikukumbuka. Niliielekeza kwa mdiria aliyekuwa akipiga mabawa papo hapo juu ya maji ya ziwa Kivu, nikaona doa la kijivu linalotetemeka. Jioni kichwa kikaniuma.

Hatua ya 1: Soma namba, kisha gawanya

Kwenye 8x25, 8 ni mara ngapi inavuta, na 25 ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Gawanya 25 kwa 8, unapata 3 na kidogo. Huo ndio upana wa mwanga unaoingia jichoni. Mchana ziwani mboni yako imejibana kiasi hicho hicho, kwa hiyo 8x25 inatosha kwa mnandi na mwewe. Chini ya miti mizito kama ya msitu wa hifadhi ya Kahuzi-Biega mboni hupanuka, na 10x25 inakupa 2.5 tu: ndege wote wanakuwa weusi. Huko chukua 8x32, inayotoa 4. Shorobo, ndege wa msituni, akiruka utauona wekundu wa mabawa yake.

Mimi siipendi 10 kwenye darubini ndogo. Inavuta ndege, inavuta na mtetemo wa mikono. Zile zenye namba kama 10-30x, zinazobadilika, zirudishe mezani bila mazungumzo. Na zenye vioo vyekundu kama vito vya bandia pia: ule wekundu unakula rangi.

Hatua ya 2: Ijaribu dukani, upande wa kivuli

Muuzaji atakutoa nje juani, ambako kila darubini ni nzuri. Wewe elekeza kwenye kivuli cha baraza la ng'ambo na usome maandishi ya kibao.

Kisha inyoshe mbali na uso, urefu wa mkono, ikielekea mbinguni (jua liwe mgongoni kwako, kulitazama kwa darubini ni kupofuka). Kwenye vioo vya jichoni utaona viduara viwili vya mwanga. Vikiwa mviringo kamili, prizimu (vipande vya kioo vya ndani vinavyopitisha mwanga) ni nzuri, mara nyingi za kioo kinachoandikwa BaK-4. Vikiwa na kingo za kijivu zilizokatwa kama mraba, watengenezaji walibana pesa ndani.

Jaribio la mwisho ndilo lililonikomboa. Tazama ukingo wa paa la mbali kwa dakika nzima. Ukiona mapaa mawili, au macho yakivutana, mirija miwili ya darubini haikunyooka sambamba. Achana nayo hata kama bei imeshuka nusu. Hakuna fundi wa saa atakayeinyoosha.

Mvaa miwani akunje mpira wa jichoni na kutazama akiwa na miwani yake. Asipoona duara zima, atafute nyingine.

Kwa pesa: chini ya dola 100 unaweza kupata 8x25 ya heshima. Kama huna kiasi hicho, afadhali ya mtumba iliyofaulu majaribio haya kuliko mpya ya 30x60.

Hatua ya 3: Iweke sawa na macho yako

Funga jicho la kulia, zungusha gurudumu la katikati mpaka la kushoto lione vizuri. Sasa funga la kushoto, uzungushe pete ya upande wa kulia tu. Kumbuka alama ilipo. Wengi hulaumu darubini kumbe hawajaigusa pete hii.

Hatua ya 4: Uitumie kwa adabu

Usiielekeze kwenye kambi ya jeshi, wala kwenye daraja la Ruzizi mpakani na Rwanda, wala kwa mtu mwenye silaha. Kwa mbali hakuna ajuaye kwamba unamtafuta ndege chozi. Mimi hubeba kitabu cha ndege juu kabisa ya mfuko, kionekane.

Hatua ya 5: Unyevu

Mvua zetu huotesha ukungu kwenye vioo, kama nyuzi za buibui, na kuusafisha ndani ni kazi ngumu. Ikilowa, ifute, iache mahali penye hewa. Ihifadhi kwenye boksi lenye vile vipakiti vya punje vinavyokuja na viatu vipya. Mchele usitumie; vumbi lake linaingia kwenye gurudumu.